Ishara Moja Haihukumu Mzoga

Nilisikia kisu kabla sijakiona kichinjio. Ilikuwa asubuhi ya Julai, ukungu umeilalia Ruiru kama blanketi lililoloa, na mimi nimesimama langoni nimevaa viatu vya ngozi vyenye visigino ambavyo mama alininunulia akidhani naenda kuketi ofisini. Kwii, kwaa. Kwii, kwaa. Chuma juu ya chuma, polepole, kama mtu anayejiimbia. Niliufuata mlio huo hadi ukungu uliponipasukia, nikaona mgongo wa mwanamume mrefu mwenye aproni nyeupe na gambuti nyeusi za mpira, ananoa.

"Hivyo visigino ni vya harusi," alisema bila kugeuka. "Hapa hakuna harusi. Ingia ndani utafute gambuti."

Huyo ndiye aliyekuwa Mzee Mbugua, mkaguzi wa nyama, ingawa wachinjaji wote walimwita Daktari, kama wanavyowaita ninyi leo. Kwenye chai ya kuniaga mliniomba niandike mambo ya kazi. Vyeo siandiki, maana mnavijua. Mshahara nao mnaujua zaidi, kwa hivyo tusiharibu siku. Nitaandika juu ya mtu aliyenifundisha kushika kisu, na swali moja tuliloligombania tangu asubuhi ile, na jinsi swali hilo lilivyomfuata hadi nyumbani kwake Murera likiwa limevaa kandambili.

Gambuti nilizopata zilikuwa kubwa, nikazijaza magazeti. Mzee alininyooshea mguu wa mbele wa mbuzi, umeshachunwa, unaning'inia kwenye ndoana.

"Shika bega lako," akasema.

Nikalishika, wachinjaji wakinitazama kwa pembe za macho.

"Mfupa bapa, umeupata? Na mbuzi anao, huu hapa. Sasa shuka. Mfupa mmoja mnene juu, wewe na yeye. Kiwiko. Chini ya kiwiko mifupa miwili, ingawa yake imegandana. Hapa watu wanaposema ni goti la mbuzi, si goti. Ni kifundo cha mkono. Mbuzi anatembea kwa kucha za vidole viwili, kama mwanamke mwenye visigino vya harusi." Wachinjaji wakacheka. "Ujue mwili wako vizuri. Ukiujua, hutapotea ndani ya mnyama yeyote."

Nilikuwa nimetoka chuoni na kichwa kimejaa. Nikasema kwa sauti ya mtu anayejibu mtihani: "Inafanana kwa sababu zamani sana tulikuwa na babu mmoja."

Mzee Mbugua aliweka kisu chini. Alikuwa mzee wa kanisa, na aliweka vitu chini kwa heshima.

"Babu yako alikuwa na pembe?"

"Hapana, lakini..."

"Nenda kwa fundi wa mbao pale stendi. Meza zake, viti vyake, vitanda vyake, vyote vina miguu ya mtindo mmoja. Utaniambia kitanda kilizaa kiti? Vinafanana kwa sababu fundi ni mmoja." Akachukua kisu. "Haya. Tukate."

Jibu la hilo nililitafuta kwa miaka, na ninawaambia ukweli, lilinifanya niwe mkaguzi mzuri kuliko mafunzo yoyote, kwa sababu kila mzoga uliopita mbele yangu niliutazama mara mbili: mara moja kwa ajili ya walaji, na mara ya pili kwa ajili ya kumshinda Mzee.

Hakuwa mtu rahisi kushinda. Siku moja aliniita kwenye upande wa nguruwe, akafungua taya la mmoja na kunionyesha magego. "Tazama. Haya ni ya nguruwe au ya shangazi yako?" Kwa kweli yalikuwa kama ya mtu, mafupi, yenye vinundu. Ya ng'ombe hayakaribii hata kidogo. "Kwa hivyo shangazi ni ndugu wa nguruwe kuliko ng'ombe?" Nikamwambia kwamba magego yanafanana kwa sababu nguruwe na shangazi wanakula kila kitu, na kazi moja huchonga kifaa kimoja. "Ahaa!" akasema. "Kumbe kuna kufanana kwa undugu na kufanana kwa kazi. Sasa wewe unajuaje ni kupi ni kupi? Au unachagua tu kunakokufaa?"

Na ndiye aliyewalazimisha wafugaji wa sungura wabakize unyayo mmoja na manyoya yake kwenye nyama. Sungura na paka waliochunwa, mkiwalaza pamoja sinia moja, hata mke wa mfugaji atakosea. "Kufanana ni shahidi anayekunywa," alikuwa akisema. "Kuna siku anasema kweli. Lakini huwezi kumpeleka kortini peke yake." Ninyi mnaolalamika kwamba unyayo unaharibu sura ya nyama, sasa mnajua ulikotoka.

Mara moja tu nilimshika vizuri. Tulikuwa na fahali mkubwa mezani, na nilikuwa nimejizoeza, wachinjaji wakiniona kichaa, kufuata neva moja nyembamba nyeupe. Inatoka kichwani. Inapita kando ya koo, karibu kabisa na kisanduku cha sauti inachokwenda kukihudumia. Haisimami. Inashuka shingo nzima, inaingia kifuani, inazunguka mshipa mkuu ulio juu ya moyo, kisha inapanda tena shingo nzima hadi kwenye kisanduku kile kile ilichokipita. Niliikuta hivyo kwa ng'ombe, kwa kondoo, kwa mbuzi, hata kwa nguruwe mwenye shingo fupi. Vitabu vinasema na sisi tuko hivyo hivyo.

"Mzee," nikamwambia, "fundi gani wa stima anatoa waya kwenye swichi, anaupeleka mpaka lango la shamba, anauzungusha kwenye nguzo, halafu anaurudisha kwenye balbu iliyo juu ya swichi? Na anafanya hivyo kila nyumba? Kitu kinachofaa kinaweza kubuniwa mara mbili, nimekubali. Magego nimekubali. Lakini kitu cha ovyo kikirudiwa kila nyumba, hicho kimerithiwa."

Aliifuata neva ile kwa ncha ya kidole, kushuka na kupanda. Msumeno ulikuwa umezimwa na maji yalidondoka tu.

"Mungu ana haki ya kupitisha waya wake anapotaka," akasema hatimaye. Lakini kesho yake alikuja mapema akaniuliza kama kuna shingo nyingine.

Hayo yalikuwa mabishano yetu, na mngeweza kuyaita mchezo. Sasa niwaeleze kazi yenyewe, kwa maana mchezo huo ulikuja kuwa kazi.

Mnajua namna alivyotufundisha kuhukumu. Ukipata uvimbe kwenye tezi ya taya, usitupe ng'ombe, na usimpitishe. Nenda kwenye mapafu, pasua tezi za huko. Kisha nenda nyuma, kwenye paja. "Tezi ya taya haijui kinachotendeka pajani," alikuwa akisema. "Hazijaonana, hazijala njama. Zikisema neno moja, amini. Ishara moja haihukumu mzoga." Nakumbuka matone ya jasho usoni mwa mkulima mmoja wa Ngoliba aliyeleta ng'ombe wake wa pekee kwa sababu ukame ulikuwa umemmaliza. Tezi ya taya ilikuwa mbaya. Mtu yule alikuwa haondoi macho kwenye kisu changu, na mimi nilikuwa nataka sana ng'ombe apite. Mzee aliniona. Akanisogelea, akasema chini chini: "Ukiona unataka sana nyama ipite, kata tena." Tukakata tena, na tena. Kwingine kote kulikuwa safi. Kichwa tukakitupa, mwili tukaupiga muhuri, na mkulima akauegemea ukuta kama mtu aliyetoka kuzaa.

Jioni, baada ya kazi, tulikuwa tukivua gambuti na kuosha miguu kwenye bomba la nyuma. Hapo ndipo nilipoona vidole vya Mzee. Kidole cha pili na cha tatu, miguu yote miwili, vilikuwa vimeshikana kwa ngozi hadi karibu na kucha.

"Ni vya baba," alisema aliponiona nikitazama. "Na Kamau anavyo. Havisaidii kitu, havidhuru kitu. Labda Mungu alikuwa amechoka."

Kamau alikuwa mwanawe wa pekee. Nilimwona mara chache: kijana mcheshi, mwenye paji pana la uso na mwendo wa kurusha mabega. Siku moja alikuja kuazima gambuti za baba yake, maana alikuwa amepata kazi na watu wa kuchimba visima huko Ngoliba. Alizijaribu palepale bombani, na vidole alikuwa navyo kweli. Alikaa huko muda mrefu, akija nyumbani na kurudi. Kisha alirudi na homa, ikamchukua upesi kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Nyumba ya Murera ikabaki na Mzee na mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Kamau, na tuliendelea kumwita hivyo baada ya Kamau kufa, kwa sababu hatukujua jina lingine.

Miaka kadhaa baadaye akatokea kijana wa Makongeni. Watu sokoni Thika walikuwa wamemwambia kwamba anafanana na marehemu mwana wa mkaguzi, na ni kweli, alikuwa na paji lile lile, mwendo ule ule wa mabega, hata kucheka. Hakuwahi kumjua baba yake. Mama Kamau alimshika uso kwa mikono miwili, akamwandalia chakula, akampa koti la Kamau. Mzee alikuwa na furaha ambayo sikupenda kuitazama kwa sababu ilikuwa wazi mno. Kisha mama wa kijana akaja mwenyewe kutoka Makongeni, mwanamke mnyoofu, akasema: "Msilaumiane. Huyu nilimzaa wakati Kamau wenu bado anakwenda shule na kaptula. Paji la uso ni paji la uso tu." Kijana akarudisha koti. Hakuwa mwongo, alikuwa na njaa ya jambo lile lile walilokuwa na njaa nalo. Mama Kamau hakupona vizuri, na alipofariki bado alikuwa akiuliza kama kijana amekula.

Ndio maana Mzee alipostaafu alikuwa amefunga mlango huo moyoni. Nilihamishiwa Thika, nikawa namtembelea, na kila nilipojaribu kurudisha mabishano yetu ya zamani alisema, "Kufanana? Nilikula hasara na kufanana."

Basi mwaka jana, mimi mwenyewe nikiwa karibu kustaafu na kurudisha muhuri, simu yake ikaja. "Daktari," akasema, maana alikuwa amenipa jina lake siku aliyoondoka, "kuna msichana hapa kwangu. Kuja na macho yako."

Mvua ilikuwa imenyesha na Murera ilikuwa tope tupu. Mlangoni nilikuta viatu vya kiume na kandambili za kike zilizovuliwa. Ndani aliketi msichana mrefu, na pembeni yake kijana mwenye miwani aliyeshika kikombe cha chai kama kinaweza kumtoroka. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, uso umefungwa.

"Mwambie huyu ulichoniambia," akamwambia msichana.

"Naitwa Faith," msichana akanigeukia. "Nimetoka Ngoliba, lakini nasoma Juja, pale chuo, magonjwa ya maharagwe. Huyu ni Muriuki. Tunataka kuoana. Wazee wa kwao wameuliza mbuzi wa mahari wapelekwe wapi. Nikawaambia kwa wajomba, ndugu za mama. Wajomba wamekataa. Wamesema walinilea kwa mapenzi lakini hawawezi kula mbuzi wa nyumba nyingine, itawaletea shida. Mama ndiye akanituma hapa, akisema mimi ni wa Kamau. Nikamwambia baba alikufa. Akasema, 'Baba alikufa, nyumba haijafa.'"

"Na mbona hakukuja zamani?" akauliza Mzee.

"Alisikia kuna kijana alikuja akafukuzwa."

"Hakufukuzwa," Mzee akasema, na sauti yake ikapasuka kidogo. "Alirudi kwao."

"Mzee, mimi sitaki shamba. Sitaki kitu." Alikuwa anatazama mikono yake. "Nataka tu mahali pa kutokea. Mtu hawezi kuolewa kutoka barabarani."

"Una uso wa watu wa hapa," Mzee akajibu. "Nusu ya Thika wana uso huo."

Wakati huo nilikuwa nimeshaangalia chini. Huo ndio ugonjwa wa kazi yetu, macho hayatulii usoni. Miguu ya msichana ilikuwa juu ya saruji, ina tope kidogo, na kidole cha pili na cha tatu vilikuwa vimeshikana hadi karibu na kucha. Nikamgusa Mzee begani, nikamwonyesha kwa kidevu. Alitazama. Akatazama mguu mwingine. Msichana akaona tunakotazama, akaificha miguu chini ya kiti.

"Usiifiche," Mzee akasema, kwa upole wa kwanza niliousikia siku hiyo. Akavua soksi.

Muriuki aliinama kutazama, chai ikamwagika. "Haki ya nani!" akasema.

"Ishara moja," Mzee akasema. "Nimeona vidole kama hivi kwa mtu mmoja wa Gatundu. Si wetu." Akasimama, akaniita jikoni kana kwamba anataka sukari. Jikoni alishika ukingo wa meza. "Nataka sana iwe kweli, Daktari. Nataka sana. Kwa hivyo lazima nikate tena."

Tuliporudi, akamwuliza: "Faith ni jina la kanisa. La nyumbani ni lipi?"

"Nyambura."

Mzee akasogea mlangoni.

"Kwetu Ngoliba hakuna mwingine," msichana akaendelea, akijaribu kucheka. "Sisi ni Wakamba huko. Watoto wenzangu walikuwa wananiuliza, Nyambura ni dawa ya nini? Mama hakuwahi kuniambia alilitoa wapi. Anasema tu, 'Niliambiwa nikuite hivyo, na kuambiwa ni kuambiwa.'"

Mzee alitoka nje. Nilimsikia akizungumza na ng'ombe wake kwa muda. Nilidhani ni uchovu, na nilikuwa mjinga wa mwisho nyumbani humo kuelewa. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Mke wangu," alisema, akinitazama mimi kwa sababu hakuweza kumtazama msichana, "mlimwita Mama Kamau miaka yote. Jina lake lilikuwa Nyambura. Na mtoto wa kwanza wa kike wa Kamau angeitwa jina gani?"

Kila Mkikuyu anajua: jina la mama wa baba. Msichana alipewa jina hilo akiwa mchanga, wakati hakuna aliyekuwa akitafuta mbuzi wala mlango. Vidole havijui majina. Jina halijui vidole.

"Mbili," Mzee akasema, akaketi.

"Si tupime DNA tu?" Muriuki akauliza kwa woga. "Siku hizi ni pamba ndani ya shavu, Mzee. Haiumi."

"Inatazama nini?"

Nyambura ndiye aliyejibu. "Ndani ya mwili kuna maandishi, Mzee. Wanalinganisha yako na yangu."

"Kwa hivyo ni kufanana tena."

"Ndiyo. Ni kufanana kwa ndani. Lakini huko ndani hakuna anayejua nina vidole gani wala naitwa nani. Hayo maandishi yakisema kama vidole na jina, basi yatakuwa yamekubaliana bila kupanga."

Mzee akanitazama. "Umemfundisha wewe?"

"Ndio kwanza nimemwona leo."

"Hm," akasema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. Ulimi ule wa kubishana kama wa Mzee sikuuhesabu kama ishara, lakini niliuona.

Wakachukuliwa pamba mjini, na wakangoja. Katika kungoja huko Mzee alizoea kunitembelea kichinjioni Thika, akisema anakuja kuona kama tunaharibu kazi. Kwa kweli hakuweza kukaa peke yake. Simu ilipolia tulikuwa katikati ya kazi, msumeno unanguruma na minyororo inagongana. Alibonyeza sauti ya juu, akaweka simu sikioni, hakusikia kitu. Akainua mkono. Wale vijana wanaomheshimu wakazima msumeno. Kila mtu akasimama na kisu chake hewani, na ndani ya kimya kile sauti ya mwanamke wa maabara ikasikika kwetu sote, ikieleza taratibu, ikitaja asilimia, mpaka Mzee akamkatiza.

"Mama, mimi ni mzee. Ni mjukuu wangu au si mjukuu wangu?"

"Ni mjukuu wako, baba."

Aligeuza kreti ya plastiki, akaikalia. Alipumua pumzi ndefu, ndefu mno, kama mtu aliyekuwa ameizuia tangu mazishi ya Kamau. Nami niliegemea ukuta uleule tunaoegemea sote. Kisha akatuona tumemzunguka kama wageni wa kilioni.

"Mnatazama nini? Washa msumeno. Watu wanataka nyama."

Nilipompeleka kwenye gari sikuweza kujizuia. "Sasa, Mzee. Umekubali kufanana ni ushahidi?"

"Nimekubali kwamba mjukuu wangu ni mjukuu wangu," akasema, akifunga mkanda. "Ng'ombe wako atafute babu yake mwenyewe." Gari lilipowaka akashusha kioo. "Lakini ile neva. Ile neva inanisumbua mpaka leo."

Hapo ndipo tulipofika, na sitajifanya tulifika mbali zaidi. Mimi bado naamini kwamba mbuzi na mimi ni ndugu wa mbali. Lakini siamini kwa sababu tunafanana tu. Paji la uso la kijana wa Makongeni lilinifundisha hilo, na magego ya nguruwe. Ninaamini kwa sababu ishara nyingi zisizojuana zinasema neno moja, na nyingine ni za ovyo kiasi kwamba hakuna ambaye angejisumbua kuzibuni mara mbili. Mzee alimwamini Fundi, na bado anamwamini, na anasema Fundi naye anaweza kufanya kazi kwa njia ya mababu kama amependa. Kanisani hawajui kwamba anasema hivyo. Msiwaambie.

Ngurario, sherehe ya Kikuyu ya kukamilisha ndoa, ilifanyika Murera, uani kwa Mzee, mimi nikiwa nimestaafu na kuvaa, hatimaye, viatu vya visigino. Mama yake Nyambura alikuja kutoka Ngoliba na ndugu zake, wakaketi mbele, na walipopewa nyama wakaila bila hofu. Kisha likaja lile jambo linalomkosesha usingizi kila bwana harusi wa Kikuyu: kiande, bega la mbuzi. Bwana harusi hulikata mbele ya watu wote, na hakati mfupa. Lazima akitafute kiungo na kisu kipite kimya. Kisu kikigonga mfupa, wazee hucheka, na kicheko hicho humfuata mtu hadi uzeeni.

Muriuki, msomi wa watu, alishika kisu kama kalamu. Akajaribu huku, kikagota. Akajaribu kule. Shangazi mmoja akasema, "Huyu ataoa au atapasua kuni?" Uwanja ukaangua kicheko. Jasho likamshuka chini ya miwani. Nyambura alikuwa kando yake, anauma midomo.

Nilimtazama Mzee. Hakuruhusiwa kusema, na hakusema. Alikaa tu kwenye kiti chake cha heshima, akainua mkono wa kulia, akaupeleka begani pake mwenyewe. Kidole chake kikasafiri juu ya mfupa bapa, kikashuka taratibu hadi ukingoni, pale ambapo mfupa mnene wa mkono unaanza, kikasimama hapo na kugonga mara kadhaa, kama mtu anayebisha hodi. Muriuki akamwona. Akaweka mkono wake wa kushoto begani pake, akapapasa, akapata. Akarudi kwa mbuzi, akapapasa mahali palepale. Kisu kikaingia kimya kama kwenye siagi.

Vigelegele vikapanda. Mzee alishusha mkono haraka na kujifanya anapanga koti. Nikainama sikioni mwake. "Nimeona," nikamwambia.

"Umeona nini? Nilikuwa najikuna."

Jua lilipoanza kushuka, wa upande wa Muriuki wakasema ni wakati. Nyambura aliingia ndani kuaga kwa jinsi inavyotakiwa, na akatoka kupitia mlango wa mbele, si wa jikoni, maana Mzee alikuwa amesisitiza juu ya hilo. Kwenye kizingiti akageuka.

"Guka," akamwita, kwa sauti ya mtu anayejaribu neno la Kikuyu la 'babu' kinywani kwa mara ya kwanza, "nimeenda."

"Enda, Nyambura," Mzee akamjibu, na jina hilo, ambalo hatukuwahi kumsikia akimwita mtu yeyote, lilitoka laini kama lililotumika kila siku. "Umetoka kwenu."

Alimtazama akivuka ua, akirusha mabega, hadi langoni. Kisha akaushika mlango kwa mikono miwili, akaufunga taratibu nyuma ya mjukuu wake.